Ngazi Niliyoihamisha

Baba mkwe wangu alikuwa haoni, na mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa mimi, nisiyeruhusiwa kumsemesha.

Katika ukoo wa mume wangu, mkamwana hazungumzi na baba mkwe mpaka azae mtoto wa kwanza. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, hujitenga pembeni mpaka mzee apite. Mimi nilikuwa na miezi kumi na moja ya ndoa, na mtoto bado. Mama Mariana, mama mkwe wangu, alipoondoka Agosti kwenda Milepa kumuuguza dada yake, nilimuuliza nitakaaje na baba sisi wawili tu, maana mume wangu Jastin anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Sumbawanga na hushuka huku Mtowisa mara moja kwa mwezi.

"Utapika, utaweka, utaondoka," Mama alisema huku akifunga mzigo wake. "Hayo hayahitaji mdomo."

Likitokea jambo la lazima, tulisemea vitu. Baba Adolfu alikuwa fundi ujenzi maisha yake yote, na mafundi wana utani.

"Birika," alikuwa akisema nikishaweka chai na kurudi nyuma ya mlango, "mbona leo huna sukari? Au aliyekuchemsha ana ugomvi na mimi?"

"Birika, sema sukari imekwisha, italetwa kesho."

"Birika, mwambie nitavumilia. Nimevumilia na mabaya zaidi yako."

Nilikuwa nacheka kimyakimya, nimeziba mdomo kwa kanga. Nilimpenda mzee yule, nami nilikuwa sijawahi kumtazama machoni. Labda ndiyo sababu niliona mikono yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa natazama chini, na chini ndiko mikono iliko.

Septemba mkono wake ulipita pembeni ya sahani, ukashika hewa, ukarudi. Wiki iliyofuata alinawa nje ya beseni, maji yakamwagikia miguu yake, akasema, "Beseni, umesogea." Beseni halikuwa limesogea. Asubuhi alitafuta ukingo wa kizingiti kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kutoka. Jirani yetu Debora akanisimamisha kisimani.

"Mkwe wako siku hizi ana maringo, eh! Nimempungia mkono mpaka bega linaniuma, ananitazama tu. Amepata pensheni?"

"Labda alikuwa na mawazo, dada."

Nilimwambia Jastin kwa simu. Alicheka. "Baba? Baba anaona chawa kwenye manyoya ya kunguru, Salome. Wewe umemtazama lini mpaka ujue?" Nilikuwa nimekatazwa kumtazama, na sasa kutokumtazama kukawa ushahidi dhidi yangu.

Kisha ikafika Novemba, msimu wa nyumba.

Kila mwaka kabla ya mvua baba huizunguka nyumba yake kama daktari azungukavyo wodi. Husafisha mtaro, hurudishia udongo ulioliwa kwenye msingi, kisha hupanda juu ya paa na nyundo. Huku bondeni jua huchoma bati mchana kutwa na bati hutanuka, jioni likipoa hujikunja, na mwaka mzima wa kutanuka na kujikunja hulegeza misumari. Nimemsikia akiwaeleza vijana wake wa zamani: "Juu Ufipa nyumba inaugua baridi. Huku inaugua jua. Dawa ya huku ni nyundo, kila Novemba." Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, sementi imepakwa nje tu. Maji yakiingilia juu ya ukuta, ule udongo wa ndani hulainika na tofali huanza kuachana. Mwaka juzi nyumba ya Zephania, fundi mwenzake, ilianguka upande mmoja kwa mvua ya siku mbili, kwa sababu ya bati moja lililong'oka.

Jumanne alasiri upepo ulishuka kutoka kwenye safu ya Ufipa na kung'oa bati moja juu ya stoo. Tulisikia sote wawili. Lilipiga kelele, likaruka, likaangukia uani.

Baba alitoka, akalipapasa pale chini, akapapasa na ukuta. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, "Nyumba, kesho nakupandia. Mvua ya mwaka huu itafika kabla ya siku tatu."

Nilikuwa jikoni. Ningesema nini? Chungu, mwambie baba haoni? Maneno mengine hayafai kupitia kwenye chungu. Kumwita Zephania, ningelazimika kumwambia kwa nini, na kufikia jioni soko zima lingejua kwamba Fundi Adolfu ni kipofu.

Kwa hiyo nilifanya kile wanachofanya watu waoga. Nilitenda kimya.

Ngazi yake ya milingoti hukaa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Pale chini baba alimwaga zege na kuacha mashimo mawili ya kuingiza miguu ya ngazi ili isiteleze. Alfajiri ya Jumatano, kabla ya kwenda shuleni ninakojitolea kufundisha, niliiburuta ngazi ile mpaka mbele ya nyumba, kando ya banda la kuku, nikaifunika kwa mabua. Nilijiambia: ataitafuta, ataikosa, atakasirika. Jumamosi Jastin atafika. Hasira ya siku tatu haivunji mtu shingo.

Saa nane mchana safu ya Ufipa ilikuwa haionekani. Palikuwa na wingu jeusi tu, limekalia pale milima ilipo, na upepo uliotoka huko ulikuwa wa baridi. Mwalimu mkuu aliwaruhusu watoto waende makwao. Mimi nilikimbia.

Nilimwona nikiwa bado barabarani. Alikuwa juu ya paa, upande wa mbele, amepiga magoti, shati limejaa upepo. Bati lilikuwa juu pamoja naye, amelifunga kwa kamba kwenye ncha ya kenchi, mbao inayobeba paa, lisipeperuke. Alikuwa ameipata ngazi. Alijikwaa nayo, nilikuja kujua baadaye. Aliikuta kwa miguu pale pale nilipoificha, na kwa kuwa alikuwa na haraka aliiegemeza kwenye ukuta uliokuwa karibu, juu ya mchanga wa kuku.

Nilipoingia uani ngazi ilikuwa imelala chini.

Baba hakujua. Radi ilinguruma, na nikaona ameamua kushuka. Alianza kurudi nyuma kwa magoti, taratibu, mpaka ukingoni. Mguu wake wa kulia ukatoka nje ya bati. Ukaning'inia. Ukatafuta kidato kwa vidole, huku na huku, kama vile unavyotafuta kizingiti kila asubuhi, ila safari hii chini yake palikuwa na hewa, na chini ya hewa palikuwa na mawe aliyoyapanga mwenyewe kando ya mtaro.

Nilitafuta kitu cha kusemea. Ni aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Palikuwa na ndoo. "Ndoo," nikasema, "mwambie..." Sauti haikufika hata kwenye ndoo.

Mguu wa pili ukaanza kufuata.

"Baba! Usishuke! Ngazi imeanguka!"

Mguu ulisimama. Nyundo ikamponyoka, ikateleza kwenye bati, ikaanguka karibu yangu.

"Nani huyo?"

"Mimi. Salome."

"Salome yupi?"

Alinijua. Alikuwa ananipa nafasi ya kurudi nyuma, nijidai ni jirani, niende nikamwite mtu.

"Mke wa Jastin," nikasema.

Upepo ulivuma katikati yetu. Aliurudisha mguu wake juu ya bati, mmoja kisha wa pili.

"Basi inua ngazi, mke wa Jastin."

Niliinua. Ilikuwa nzito, na upepo ulikuwa unaisukuma. Niliiegemeza mara mbili, na mara mbili mchanga ulikimbia chini yake ikateleza.

"Hapa haisimami, baba. Nitaipeleka kwenye zege. Itabidi uvuke uje upande wa nyuma."

"Peleka. Paa hili nalijua kuliko mfuko wangu. Napita juu ya stoo, nashuka."

"Usipite juu ya stoo! Mbao za papi za pale zimebunguliwa."

"Nani kasema?"

"Nafagia unga wake kila asubuhi. Tangu Oktoba."

"Tangu Oktoba!" Akafoka, "Hata ufagio hukuuambia?"

Niliburuta ngazi kuzunguka nyumba huku machozi yananitoka, nikaiingiza miguu yake kwenye mashimo ya zege, nikapanda. Nilipofika vidato vya juu niliona upande mzima wa nyuma wa paa, na kule kileleni, kofia ya bati inayofunika maungio ya paa. Kidogo kidogo kichwa chake kikatokea. Alikuwa amejilaza kwa tumbo juu ya kilele, mikono huku, miguu kule. Alikuwa ameelekea stoo moja kwa moja.

"Rudi kulia kwako, baba. Migongo kumi ya bati."

"Naona."

"Sogea kulia kwanza."

"Nimesema naona! Usinielekeze kama mtoto!" Na mkono wake ukaenda mbele, kwenye nafasi ile wazi ambapo bati halikuwepo, ukazama mpaka begani. Nilisikia papi ikilia.

"Baba, huoni!"

Niliyasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia darasani wala popote. Hakusogea. Shavu lake lilikuwa limelala juu ya bati.

"Huoni," nikarudia, sasa taratibu. "Na ngazi niliihamisha mimi, ili usipande. Ukianguka, nitakuwa nimekuangusha mimi. Kwa hiyo naomba unisikilize."

Vumbi la uani lilikuwa linazunguka. Harufu ya mvua ilikuwa imeshafika, ile harufu ya udongo wa mbali uliokwisha kulowa.

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu. Alitoa mkono shimoni, akasogea kulia, kiganja kikipita juu ya kila mgongo wa bati. Moja. Mbili. Kwenye sita alisita, nikamwambia bado. Kwenye kumi nikamwambia sasa vuka, anza na mguu wa kushoto. Akavuka. Akashuka kwa tumbo, miguu ikitangulia, vidole vyake vikikanyaga mstari wa misumari, kwa kuwa chini ya misumari ndipo penye mbao. Hilo nililijua kwa kumtazama, hakunifundisha. Alipobakiza urefu wa mkono nilishuka vidato viwili, nikanyoosha mkono, nikamshika kifundo cha mguu.

Baba mkwe wangu. Nilimshika mguu mchana kweupe, nikauweka kwenye kidato.

"Hapo."

"Hapo," akaitikia.

Alipofika chini alisimama akishika tangi. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na katikati ya kila jicho palikuwa na wingu jeupe, kama maji ya mchele.

"Uliificha ngazi yangu."

"Ndiyo, baba."

"Nami nikaiweka juu ya mavi ya kuku." Alitema mate pembeni. "Sisi wawili tungeua mtu leo."

Tone la kwanza lilianguka kwenye tangi. Kisha la pili. Baba akainua uso kuelekea stoo.

"Kofi moja tu la mvua, na ukuta utaanza kunywa," akasema. "Panda."

"Mimi?"

"Uko na mwingine hapo?"

"Baba, nitakuwa juu ya kichwa chako."

"Ukuta haujui mkwe. Chukua nyundo. Misumari iko kwenye kopo, nimelibana kwenye kofia, ukilidondosha nitakusikia. Vua viatu."

Nilipanda. Sitasema sikuogopa. Bati lilikuwa bado na joto la mchana na upepo ulikuwa unanitafuta chini ya sketi, nikaikunja nikaifunga kiunoni. Nililifungua lile bati, nikalivuta kwa kamba yake, nikalilaza juu ya nafasi, nikalikalia. Baba aliingia stoo, akasimama chini yangu. Nilimsikia akigonga mbao kwa ngumi, moja baada ya nyingine.

"Hii imekufa," sauti yake ilitoka chini ya makalio yangu. "Hii nayo. Hii hapa nzima. Unanisikia nagonga? Hapo. Piga hapo."

Nikapiga. Msumari ulizama haraka mno.

"Umekosa mbao. Ng'oa."

"Umejuaje?"

"Umelia bati tupu. Ng'oa, sogea vidole viwili kuelekea tangi."

Nikang'oa. Nikasogea. Nikapiga kidole gumba, nikauma mdomo. Nikapiga tena, na safari hii sauti ilikuwa nene.

"Ehe! Huo ni msumari. Mpira wake umeuweka?"

"Nimeuweka."

"Usiukandamize mpaka upasuke. Ukishabonyea, acha. Wa pili."

Mvua ilinikuta kwenye msumari wa nne. Haikuja kwa matone, ilikuja kama mtu aliyesukuma mlango. Sikuona tena uani. Niliufuata mkono wake uliogonga chini, nami nikagonga juu, mpaka mngurumo wa mvua juu ya mabati ukameza sauti zake na nikawa naisikia ngumi yake kwa magoti tu, mtetemo mdogo, hapa, sasa hapa. Nilipiga misumari saba. Wa nane nilikosa, nikauacha. Kofia ilikuwa imepinda lakini ilikuwa inafunika.

Nilishuka ngazi kama mtu anayeshuka mtoni.

Baba alikuwa amekwisha toka stoo, amesimama barazani, mkono mmoja ukutani. Nilisimama mbali naye kidogo, nikichuruzika. Alisema kitu. Mvua ilikuwa kubwa mno.

"Sijasikia, baba!"

"Nimesema tangu lini!" akapiga kelele. "Umejua tangu lini!"

"Septemba!"

"Nani mwingine?"

"Hakuna mtu!"

"Mbona hukuniambia!"

"Ningesema na nani?" nikapiga kelele, na sasa nilikuwa nalia wazi na sikujali. "Birika?"

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, kisha uso ukabadilika, akajifuta macho kwa kiganja, na sikujua ilikuwa mvua au nini. Alipapasa kifuani akatoa simu yake, ile ndogo ya vitufe, akainyoosha kuelekea kwangu, pembeni kidogo ya pale nilipokuwa.

"Nitafutie Jastin. Siku hizi natafuta kwa kuhesabu vitufe. Juzi nimempigia Padri, nikamuuliza bei ya mpunga."

Tuliingia chumba cha ndani ambako dari hupunguza kelele. Nilibonyeza, nikamwekea simu sikioni. Nilitaka kutoka, akanishika mkono wa blauzi.

"Jastin. Njoo Jumamosi na gari la mtu. Unipeleke hospitali ya macho... Macho, nimesema... Yangu! Ya nani mengine?"

Nilisikia kicheko cha mume wangu kutoka ndani ya simu, kile kile. Baba akasikiliza kidogo. Aliufunga mdomo wake kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba alikuwa anaogopa, na kwamba alikuwa anaogopa tangu Septemba kama mimi. Akanisukumia simu kifuani.

"Mwambie wewe. Mimi haniamini."

Nikaishika kwa mikono miwili. Baba alikaa kitandani, viganja juu ya magoti, uso umeelekea kwangu.

"Jastin," nikasema, "niko na baba hapa, ananisikia. Nyamaza kwanza. Baba haoni sahani yake. Haoni beseni. Anaona mwanga na kivuli, basi. Leo amepanda paa, nusura aanguke. Na mlangoni pale amekwisha jikwaa mara mbili, mimi nimeona."

"Mara nne," alisema baba. "Mwambie mara nne."